Mashine ya Unga na Masikio ya Jirani

Kelele ni sauti isiyotakiwa. Yafaa hata hivyo ieleweke kwamba sauti ile ile yaweza kuwa riziki kwa mmoja na adha kwa mwingine. Katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, zikitajwa kelele za viwanda fikra huelekea upesi Mwadui, penye almasi iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Lakini katika mji mdogo kama Mhunze, makao makuu ya wilaya hiyo, kiwanda kilicho karibu zaidi na sikio la mwananchi ni mashine ya kusaga na kukoboa nafaka.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: mashine mbili zenye desibeli 90 kila moja zikinguruma pamoja hazitoi 180, bali 93. Aidha, mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mathalani, mashine yenye desibeli 90 kwa umbali wa mita 1 itasikika kwa desibeli 60 hivi kwenye mita 32.

Je, 60 ni nyingi? Jibu hutegemea ukimya wa mahali. Kanuni ya Uingereza iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1967, na kurekebishwa baadaye, hulinganisha sauti ya kiwanda na sauti ya mazingira kiwanda kikiwa kimezimwa. Tofauti ikifikia desibeli 10 au zaidi, hiyo ni dalili ya udhia mkubwa. Hivyo desibeli 60 zinazomezwa na zogo la sokoni mchana zitavunja usingizi usiku, endapo mazingira yana desibeli 35 tu. Kipimo cha mchana peke yake, basi, hakitoshi.

Aliye hatarini zaidi ni mwendesha mashine mwenyewe. Kikomo kinachoshauriwa na watafiti wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda hupunguzwa nusu. Kwa desibeli 91 basi, saa 2 zatosha. Chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena, na uziwi wake hauna dawa. Asiye na kipimasauti na atumie dalili hii: akilazimika kupiga kelele ili asikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, masikio yake yamo hatarini.

Kuifunga mashine si dawa, kwani kungewarudisha akina mama kwenye kinu na mchi. Kelele hupunguzwa kwanza kwenye chanzo: nyundo zilizolika zibadilishwe, beringi zipakwe grisi, mashine ikalishwe juu ya mpira, na ekzosi ya injini ya dizeli iwe nzima, ikielekezwa mbali na nyumba. Pili ni njiani: ukuta wa matofali usio na mianya hufaa kuliko mabati. Mwisho ni vizibo vya masikio kwa wafanyakazi, na mapatano ya saa za kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, humpa mwananchi haki ya kulalamika. Lakini beringi iliyopakwa grisi leo humpa jirani usingizi usiku huu huu.