Mpeleke mdogo wako Longonot bila kupanda matatu

Muulize mdogo wako Bonde la Ufa ni nini. Huenda akakujibu mbio mbio, neno kwa neno kama lilivyo kitabuni. Sasa muulize liko upande gani ukitoka kwenu Nairobi. Hapo ndipo wengi hukwama. Wamekariri majina ya milima na mabonde, ila sura yake hawaijui.

Safari za shule ni pesa, na si kila mzazi anazo. Lakini wewe una simu. Google Earth ni ya bure. Unachohitaji ni bando na nusu saa ya kukaa na mtoto. Ukiwa na kompyuta, unaweza hata kutayarisha ziara mapema: weka alama kwenye kila kituo, andika swali lako hapo, kisha mwachie mtoto abofye mwenyewe.

Kanuni ni moja tu: usitaje jina la kitu kabla mtoto hajakwambia anaona nini.

Anzeni kwa paa la ploti yenu. Akishatambua uwanja anaochezea, ataamini kwamba hii si katuni. Kisha rukeni kaskazini-magharibi hadi Mai Mahiu.

Kituo cha kwanza ni ufa wenyewe. Ukitazama kutoka juu moja kwa moja, ardhi ni bapa kama chapati. Weka vidole viwili kwenye skrini, uviburute pamoja ili picha iiname. Ukuta wa bonde utajitokeza. Muulize, "Unadhani nini kilitokea hapa?" Akishindwa, wekeni simu kando. Laza karatasi mbili zikigusana, mwaga unga juu ya mahali zinapokutana, kisha mwambie azivute polepole kila moja upande wake. Unga wa katikati utazama. Ardhi nayo ilivutwa hivyo, na hadi leo inaachana kwa milimita chache kila mwaka.

Kituo cha pili ni moto. Mlima Longonot una urefu wa mita 2,776, na kileleni kuna kreta, yaani shimo kubwa lililoachwa na volkeno. Mwache azunguke ukingo wake kwa kidole. Halafu mwonyeshe miteremko ilivyojaa mikunjo. Jina Longonot limetokana na Kimaasai, likimaanisha mlima wenye migongo mingi. Usimwambie hilo upesi. Muulize kwanza yeye angeuita nani.

Kituo cha tatu ni maji. Kusini mwa Ziwa Naivasha, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, kuna korongo jembamba linaloitwa Njorowa. Zamani za kale ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, na maji yaliyofurika yalipita hapa yakichonga mwamba. Fuateni korongo hilo kwa kidole, kisha muulize, "Mvua ikinyesha kule juu, maji yatapitia wapi?"

Hilo si swali la mtihani tu. Mwaka wa 2019 mafuriko ya ghafla yaliua wageni waliokuwa wakitembea ndani ya korongo hilo. Anayeelewa umbo la ardhi anajua kwamba mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakamfikia alipo.

Kwa hivyo usifunge programu mkimaliza Njorowa. Rudini mtaani kwenu, mtafute mto ulio karibu. Pengine ni Mathare, pengine ni Ngong. Mwambie aufuate kuelekea ulikotoka, ahesabu nyumba zilizojengwa ukingoni, na aangalie kama kwenu ni juu au bondeni. Ukisogeza kidole au kipanya, namba za mwinuko zitamsaidia. Aliyekuwa Nairobi Aprili 2024 mito ilipovunja kingo na kubeba nyumba za watu hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto ajue haya.

Si lazima uwe mwalimu. Kuna mambo atakayokuuliza usiyoyajua, na hiyo ni sawa. Tafuteni jibu pamoja. Wikendi hii, badala ya kumpa simu ili anyamaze, mpe simu na swali moja: maji ya mvua ya hapa kwetu huenda wapi?