Programu ya Picha Isikabidhiwe Mashine Nzima

Kwenye steshenari nyingi za Mbagala au Mwananyamala, kompyuta moja hubeba kazi zote: picha za pasipoti, kadi za harusi, CV, kopi za vitambulisho vya NIDA. Mteja hutuma faili kwa WhatsApp, mhudumu ndiye anayechapa. Mteja haruki kaunta. Mfumo endeshi nao ungepaswa kuishi hivyo na programu za picha, lakini kwa miaka mingi haukufanya hivyo. Prosesa za jamii ya Intel zina nafasi ya poti 65,536 za kuzungumza na vifaa, na humo poti za skrini zinakaa pamoja na za kibodi na saa. Programu ya X, inayochora madirisha kwenye Linux na jamaa zake, iliendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ili iziguse yenyewe. Mwaka 2006 Mfaransa Loïc Duflot alionyesha kuwa hata kwenye OpenBSD, mfumo unaosifika kwa usalama, mwenye ruhusa hiyo aliweza kuiingiza prosesa katika hali isiyoonwa na mfumo wenyewe, kisha akazivuka kinga zake.

Kuna wanaosema inatosha kuipa programu poti chache tu. Haitoshi, maana kadi ya picha husoma kumbukumbu ya kompyuta bila kupitia prosesa. Anayeiamuru bila kukaguliwa anaweza kuituma popote. Dawa ni kiini cha mfumo kushika kadi na kukagua maombi, njia ambayo Linux ilianza kuifuata kwa kadi za Intel mwaka 2009. Je, ukaguzi hauchelewishi kazi? Kidogo sana, kwa sababu picha zenyewe hazipiti kwenye poti. Zinapita kwenye kumbukumbu ambayo kiini kimeitenga kwa ajili ya programu husika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba draiva, yaani programu za ndani ya kiini zinazosimamia vifaa kama kadi hiyo, nazo huwa na kasoro. Ni kweli. Draiva ya MSI Afterburner, programu ya kuongezea kadi ya picha kasi, iligundulika mwaka 2019 kuwa inamruhusu mtumiaji yeyote kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu na poti. Mwaka 2022 wahalifu wa BlackByte, wanaofunga mafaili na kudai fidia, walikuja nayo wenyewe wakazima kinga za Windows. Kosa lilikuwa kupitisha kila ombi bila kuuliza. Draiva ya namna hiyo ingepaswa kukubali agizo la kasi au la feni, basi.

Na asiseme mtu kuwa steshenari haina cha kuibiwa. Nakala za vitambulisho zilizobaki kwenye "Downloads" ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazilinda. Kinga ya kuanzia ipo: kupakia draiva kwenye Windows kunahitaji mamlaka ya msimamizi, na kuhariri picha hakuyahitaji. Mwenye duka, mfungulie mhudumu akaunti ya kawaida, na programu ya bure ikidai nenosiri la msimamizi ili iongeze kasi ya kadi, usiipe.