Dikembe Mutombo: mwanafunzi wa Boboto aliyetaka kuwa munganga

Dikembe Mutombo alikufa tarehe 30 Septemba 2024 kule Atlanta, Marekani, kwa kansere ya ubongo. Alikuwa na miaka 58. Vijana wanaocheza basketi kwenye tereni zetu wanajua kidole chake na nambari 55. Wachache njo wanajua kama alianza akiwa mwanafunzi tu wa Kinshasa, na basketi haikuwa mu mipango yake.

Shule kwanza

Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, mu familia ya Waluba. Baba yake, Samuel, alikuwa mutu wa elimu. Sekondari aliisomea Collège Boboto, shule ya mapadri Wayezuiti mu komine ya Gombe. Alienda kule juu masomo yalikuwa nguvu, na yeye alikuwa anataka kuwa munganga.

Mupira alioanza nao ni wa miguu. Alikuwa anasimama mu goli. Lakini mwili haukuacha kurefuka, mupaka metre 2 na santimetre 18. Alipofikia miaka 16 hivi, baba na ndugu yake walimusukuma aende kwenye basketi. Huko ni kuchelewa, sababu wachezaji wakubwa wengi wanaanza wakiwa watoto.

Buruse ya masomo, si ya mupira

Mwaka 1987 alienda universite ya Georgetown, Washington, kwa buruse ya USAID. Hawakumuita kucheza; alienda kusomea unganga, na Kiingereza kilikuwa kingali kigumu kwake. Mwaka wa kwanza hakucheza mechi hata moja ya ekipe ya universite. Ni kocha John Thompson njo alimuomba aingie. Mutombo akaacha unganga, akamaliza mwaka 1991 na diploma ya luga na diplomasia. Mwaka ule ule, Denver Nuggets walimuchukua, wa ine kati ya wachezaji wapya wa NBA.

Kontre ni nini?

Kontre ni kuzuia mupira uliotupwa na adui wakati ungali unapanda kuelekea kikapu. Ukiugusa ukiwa umeanza kushuka, refa anahesabu pointi kama vile umeingia. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi: lazima kusoma mukono wa mwenzako, kungojea, na kuruka kwa wakati wake. Mutu aliyesimama mu goli anaelewa kazi hiyo.

Mu misimu 18 Mutombo alifanya kontre 3289. Tangu NBA ilipoanza kuzihesabu, Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake njo anamupita, na 3830. Mara ine Mutombo alichaguliwa mulinzi bora wa mwaka. Mu 1994, Denver, ekipe ya munane upande wa Magharibi, iliondoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Jambo hilo halikuwa limetokea hata siku moja. Mu mechi zile 5 alifanya kontre 31. Kila mara, kidole kilikuwa kinapanda: hapana, hapa hupiti.

Unganga ulirudi kwa njia ingine

Hakusahau inchi. Kwenye michezo ya Olimpiki ya Atlanta mu 1996, alilipia ekipe ya wanamuke ya Zaïre nguo za kuchezea na matumizi yao.

Mwaka 1997, Kinshasa ikiwa mu fujo na barabara zimefungwa, mama yake Biamba Marie aligonjwa. Hawakuweza kumufikisha lopitali, akafa. Mutoto wake alikuwa na feza na jina dunia nzima, lakini siku ile havikusaidia kitu: mama hakukosa feza, alikosa njia ya kufika lopitali.

Mutombo alitoa dola milioni 15 zake mwenyewe, akatafuta zingine. Mu 2007, lopitali ya vitanda 300 yenye jina la Biamba Marie Mutombo ilianza kupokea wagonjwa kule Masina, mbali na katikati ya muji, mahali watu wa kawaida wanaishi. Karibu na Mbuji-Mayi alijenga tena shule yenye jina la baba yake.

Munganga hakukuwa. Lakini wanganga wanatumika Masina kila siku, na mugonjwa anayeingia mule hana lazima ya kujua basketi ni nini.