Baiskeli Barabarani: Tahadhari Kabla ya Hatari

Wengi wetu twaja shuleni kwa baiskeli. Mimi ni mmoja wao. Kila asubuhi huiandama barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, nikigawana lami na matatu, malori, pikipiki na matrekta ya miwa. Mwendesha baiskeli hana bati la kumkinga. Kinga yake ni kuonekana mapema na kutomshtua dereva.

Hebu tupige hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona, huchukua kama sekunde moja hivi kabla ya kukanyaga breki. Yaani mita 22 zimekwisha na gari bado halijapunguza mwendo! Ukijitupa ghafla mita 15 mbele yake, hata breki mpya hazitakuokoa.

Kwanza, shika kushoto, nenda moja kwa moja, usiyumbeyumbe. Ukitaka kukata kulia, tazama nyuma, nyosha mkono wa kulia, ndipo ukate. Magari yakiwa mengi, wacha ujanja. Shuka kando, ngojea, halafu vuka kwa miguu ukisukuma baiskeli.

Pili, jihadhari na ukingo wa lami. Mahali pengi lami iko juu na kando ni chini. Lori likikusukuma nje, usijaribu kurudi papo hapo kwa kupanda ukingo kimshazari. Gurudumu la mbele hukwama, nawe ukaangukia barabarani mbele ya gari linalofuata. Simama, shuka, inua baiskeli, kisha endelea. Si aibu.

Tatu, matatu ikisimama stejini, usijipenyeze kati yake na ukingo. Mlango uko upande huo, na manamba huruka bila kuchungulia. Nalo trekta la miwa usilifuate karibu, wala usishike trela ati upumzishe miguu. Miwa huanguka, na dereva hakuoni.

Nne, giza. Kwetu jua likitua, usiku huingia upesi, na sweta nyeusi haionekani. Dinamo ni nzuri, lakini ile ya kawaida huzima taa baiskeli ikisimama. Kwa hivyo funga pia riflekta nyekundu nyuma. Hiyo haitaki betri wala dinamo, bora tu uipanguse tope.

Tano, mvua. Rimu zikilowa, breki za mpira huteleza. Anza kufunga breki mapema kuliko siku ya jua.

Wapo wasemao kwamba wenye makosa ni madereva. Mara nyingi ni kweli, lakini haki haiungi mfupa uliovunjika. Wahenga walinena, mwenda pole hajikwai. Afadhali ufike kengele imeshalia, mwalimu wa zamu akukemee, kuliko jina lako liitwe darasani na asiwepo wa kuitika.