Kamera Ndani ya Tumbo la Ng'ombe Aliyepasuliwa



Ng'ombe wa maziwa akimeza msumari au kipande cha waya, huenda kikatoboa ukuta wa tumbo lake la pili na kuelekea moyoni. Daktari wa mifugo hulazimika kumpasua ubavu wa kushoto ili akitoe. Baada ya hapo jeraha la nje huonekana, bali mshono wa ndani hauonekani. Ukivuja, uchafu huenea fumbationi, na mwenye mali huweza kutambua wakati mnyama amekwisha dhoofika. Ndipo huulizwa: je, haiwezekani kuweka kamera ndani?

Kwa binadamu jambo hilo limekwisha fanyika. Mhandisi Gavriel Iddan wa Israeli alibuni kamera iliyo mfano wa kidonge, ambayo mgonjwa huimeza. Ilitangazwa mwaka 2000, na mwaka 2001 Marekani iliiruhusu itumike. Urefu wake ulikuwa milimita 26 na unene milimita 11; ndani mlikuwamo taa, lenzi, betri na chombo cha kurushia mawimbi. Ilipiga picha 2 kila sekunde kwa muda wa saa 8 hivi.

Kwa ng'ombe, mbunifu hukabiliwa na mambo manne. Kwanza, tumbo kubwa limejaa majani na majimaji mazito, hata lenzi haioni kitu. Pili, kitu kizito kilichomezwa hutua katika tumbo la pili na kubaki humo, kama ibakivyo sumaku ya kunasia misumari. Kwa hiyo kamera haitasafiri. Tatu, mshono huchukua siku nyingi kupona. Betri ndogo haitadumu isipokuwa taa iwashwe mara chache tu kwa siku. Nne, ili kuuona mshono huo, kamera yapasa ikae nje ya tumbo, ndani ya fumbatio. Huko lazima isiwe na vijidudu, isipitishe maji wala isichome nyama. Na waya ukipenya ngozi, tundu lake ni mlango wa maradhi. Haifai mlinzi awe ndiye mwizi.

Kilicho rahisi zaidi ni kidonge kizito chenye kipimajoto, ambacho hukaa tumboni na kutuma habari za joto kwa redio. Vidonge hivyo hutumika katika baadhi ya mashamba ya maziwa.

Kwa chama kisicho na vyombo hivyo, kipimajoto cha kawaida na daftari vyatosha kuanzia. Joto lipimwe njia ya haja kubwa asubuhi na jioni. La kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.5. Iandikwe pia kama ng'ombe anakula, anacheua, anapata choo, na ametoa lita ngapi. Joto likipanda, au akiacha kucheua, daktari aitwe siku ile ile.

Aidha, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano za dawa yasipokelewe kituoni kabla ya kwisha siku alizotaja daktari. Debe moja laweza kuharibu tangi zima la wenzake.