Dawa, Kichocheo au Kinga? Istilahi za Kuotesha Kiazi Kikuu

Mkulima wa Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, anapoambiwa apake "dawa ya mizizi" katika shina la kiazi kikuu, huelewa nini? Katika maduka ya pembejeo, dawa ni kitu cha kuua wadudu au kuzuia magonjwa. Mfasiri anayeliita dawa kila lipakwalo kwenye mmea humpotosha msomaji wake.

Kwa desturi kiazi kikuu hupandwa kwa vipande vya kiazi chenyewe, yaani chakula hurudishwa ardhini. Lakini shina lake litambaalo laweza pia kukatwa na kuoteshwa mizizi. Kipande hicho huzaa kiazi kidogo, ambacho huwa mbegu ya msimu ufuatao.

Hapa yafaa tuliangalie neno pingili. Pingili ni sehemu iliyo kati ya fundo na fundo, ilhali chipukizi hutoka penye fundo. Atakayepanda pingili tupu hatapata mmea. Basi tuandike "kipande cha shina chenye fundo na jani".

Kichocheo cha mizizi ni kitu chenye homoni ya mmea, hasa oksini, iamshayo seli kufanya mizizi. Maji ya dafu yana oksini, lakini yana pia sitokinini, ambayo huhimiza zaidi machipukizi. Kwa hiyo yasipewe jina hilo bila maelezo.

Jivu na asali ni mambo mengine. Hivi husaidia kuzuia uozo penye mkato, wala kazi yake si kuamsha mizizi. Tuviite kinga ya jeraha.

Huko Ibadan, Nigeria, wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto wameotesha vipande hivyo katika pumba za mpunga zilizochomwa. Pumba hizo si kichocheo wala kinga. Ni kiotesheo, yaani kitu kinachoshika unyevu na kupitisha hewa.

Tofauti hizi si za kamusini tu. Kisongo ni pakavu kuliko miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Aliyepaka jivu akidhani ameamsha mizizi aweza kusahau kivuli na maji, na kipande kikakauka. Walimu na mabwana shamba wanaojua maneno bora yatumikayo vijijini wasisite kuyaleta yajadiliwe.