Mdudu Asiye na Haraka

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo sina hadithi ya sungura wala ya jini wa mbuyuni. Nina habari za kiumbe asiye na miguu wala macho, mdogo hata jicho haliwezi kumwona, ambaye mwaka 2023 peke yake aliua watu milioni 1.25 duniani. Jina lake mmelisikia: mdudu wa kifua kikuu, au TB.

Tuseme hapa Gando, kwetu Pemba, yupo mvuvi mmoja. Alfajiri anateremka pwani, anapita mikokoni, anasukuma chombo chake. Tangu mwezi uliopita anakohoa. Mwanzo aliambiwa ni baridi ya baharini, akapewa tangawizi na asali. Kisha jirani akanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Sasa wiki ya sita, kikoi hakimkai kiunoni, na usiku anatoka jasho mpaka mkeka unalowa. Analala chumba kimoja na mkewe na watoto watatu, dirisha wamelifunga kwa kuogopa upepo wa kusi.

Mtaniuliza: babu, mbona hakujijua mapema? Jibu ndilo kiini cha habari yote hii. Mdudu huyu hana haraka. Bakteria wengi wanaoleta tumbo la kuendesha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja akianza magharibi, hadi alfajiri wanaweza kuwa mamilioni. Wa TB huchukua kiasi cha saa 20 kugawanyika mara moja tu. Magharibi yuko mmoja, alfajiri bado ni yule yule mmoja. Mwili haushtuki. Mtu anakonda kidogo kidogo, anazoea, na huku akikohoa, akicheka au akiimba, anatoa hewani vitone vidogo vyenye wadudu, na waliofungiwa naye chumbani wanavivuta.

Nakuombeni mlishike hili: ugonjwa huu hupita hewani. Haupiti kwenye kikombe, wala sahani, wala kwa kupeana mkono. Nimeona nyumba ambazo mgonjwa anatengewa kikombe chake na kukalishwa peke yake kama mtu aliyefanya kosa, na dirisha halikufunguliwa hata siku moja. Upepo na jua ndivyo vinavyomsumbua mdudu huyu. Aibu haimsumbui hata kidogo. Inamsaidia, kwa sababu mwenye kuona aibu hafiki kituo cha afya.

Na si kila aliyevuta mdudu huugua. Kiasi cha robo ya watu wote duniani wameshaambukizwa, na wengi wao wanaishi mpaka uzee bila kukohoa, kwa sababu mwili umemzingira mdudu na kumfungia ndani ya pafu. Katika kila watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 hivi ndio wanaougua maishani mwao. Kinga ikidhoofu, kwa VVU, kisukari au njaa, mfungwa huamka, hata kama amelala miaka 20.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch aliwaambia wenzake kwamba amemwona. Kabla ya hapo watu waliamini mengi: ni ya ukoo, ni ya hewa chafu, ni ya huzuni. Kilichomficha ni ngozi yake. Mmewaona mafundi wakipaka deheni chini ya chombo kilichopandishwa pwani, shahamu na chokaa, maji yasipenye kwenye mbao? Mdudu wa TB naye kajipaka mafuta mazito namna hiyo. Rangi za maabara zinateleza juu yake, na ndiyo maana hata dawa nyingi hushindwa kumwingia.

Maabara zikapata hila. Mtaalamu huchukua makohozi ya mgonjwa, huyapaka kwenye kioo chembamba, humimina rangi nyekundu na kuipasha moto ili joto liisukume rangi ipite kwenye yale mafuta. Kisha huosha kwa asidi. Karibu bakteria wengine wote hupoteza wekundu wao. Wa TB hung'ang'ania. Mwisho huwekwa rangi ya buluu, na chini ya darubini wanaonekana vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Kipimo hiki kina zaidi ya miaka 100, ni rahisi, na kimeokoa wengi. Lakini kina upungufu mkubwa: ili vijiti vionekane, mililita moja ya makohozi inahitaji kuwa na wadudu kiasi cha 10,000. Mvuvi wetu akienda mapema, wadudu wakiwa wachache, anaweza kuambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na kikohozi chake.

Kuwapanda maabara ili waote kunawagundua hata wakiwa wachache, ila mnajua tena mwendo wao: majibu huchukua wiki kadhaa. Mwishoni mwa 2010, Shirika la Afya Duniani lilipitisha mashine ya GeneXpert, isiyongoja mdudu aote. Inatafuta vinasaba vyake ndani ya makohozi, inavinakili mara nyingi mpaka vinaonekana, na ndani ya saa mbili inajibu mambo mawili: yupo au hayupo, na je, anaikataa dawa ya rifampisini? Kati ya sehemu za Tanzania zilizofanya utafiti wa mashine hii ni Mbeya na Bagamoyo. Watoto wadogo kama mdogo wenu hawawezi kutoa makohozi, huyameza; basi watafiti wakafuata yanakokwenda, na siku hizi choo cha mtoto nacho hupimwa kwa mashine hiyo hiyo.

Morogoro kuna wapimaji wengine. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi. Kwanza makohozi hupashwa moto ili wadudu wafe. Panya hupita juu ya vitundu vilivyopangwa mstari. Akinusa TB husimama na kubakisha pua yake hapo kwa sekunde chache, akapewa zawadi ya chakula. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu wa darubini angeifanya kwa siku kadhaa. Neno la panya halichukuliwi peke yake: sampuli aliyoitilia shaka hupimwa tena kitaalamu. Hivyo ndivyo wamepatikana wagonjwa wengi ambao zahanati zao zilikuwa zimewaambia hawana TB.

Pemba nayo haikuachwa nyuma katika utafiti. Pale Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa Kiitaliano aliyetamani magonjwa ya kisiwa yachunguzwe kisiwani. Sifa zake kubwa ni kwenye kichocho na minyoo, lakini kwangu kikubwa zaidi ni kuwa Mpemba anaweza kuwa mtafiti bila kuhama Pemba. Na bahari inayotuzunguka ina sehemu yake katika habari hii: wanasayansi wanaosoma vinasaba vya mdudu wa TB wamegundua kwamba upo ukoo wake mmoja uliotanda pande zote za Bahari ya Hindi, na umevuka mara nyingi kutoka Asia ya Kusini kuja mwambao wetu. Bahari iliyoleta biashara ilileta na huyu.

Mvuvi wetu amepimwa, amekutwa nayo. Sasa dawa. Zamani matibabu yalikuwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi waliacha njiani. Mwaka 1970 madaktari wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza walianza jaribio hospitalini kwetu: je, miezi sita inatosha? Waliwapa wagonjwa wote dawa mbili, streptomaisini na isoniazidi, kisha makundi mengine wakayaongezea dawa ya tatu. Waliobaki na mbili tu, kiasi cha 29 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa rifampisini walirudiwa 3 hivi katika 100. Wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye vitabu vya sifa, ndio walioifundisha dunia kwamba miezi sita inawezekana.

Kwa nini miezi sita, na si wiki moja kama dawa ya jipu? Kwa sababu dawa nyingi humpiga mdudu anapokuwa anafanya kazi, na huyu muda mwingi amelala. Miezi miwili ya mwanzo mvuvi atameza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, kisha miezi minne dawa mbili. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, hata machozi. Ni rifampisini hiyo, asiogope. Hatari ipo kwenye wiki za mwanzo, kikohozi kinapotulia na nguvu zinaporudi. Mtu anajiona mzima, anarudi baharini, vidonge anavisahau. Wadudu waliobaki ni wale wagumu, na wakiota upya huenda dawa zisiwaweze.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii, Karel Styblo. Alizaliwa Czechoslovakia, akafungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na humo akaugua TB mwenyewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, naye akafanya kazi na Watanzania kuujenga. Hakuleta dawa ya ajabu. Alileta daftari. Kila mgonjwa aliandikwa, na kila robo mwaka wilaya ilitakiwa kujibu kuhusu kila jina: amepona, amefariki, amehama, au amepotea? Aliyepotea alitafutwa. Dawa zisikatike, darubini iwepo wilayani, na awepo mtu wa kumwona mgonjwa akimeza. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilichukua utaratibu huo uliokomazwa Tanzania na kuupeleka dunia nzima. Dawa zilikuwepo hata katika nchi ambazo watu waliendelea kufa. Kilichokosekana huko ni mtu wa kuuliza fulani yuko wapi. Mwaka 2015 Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 306 katika kila watu 100,000; mwaka 2023 walikuwa 183.

Nyinyi watoto nanyi mmepata nafuu yenu. Utafiti uliofanywa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India kwa watoto 1,204 ulionyesha kwamba mtoto ambaye TB yake si kali anapona kwa miezi minne. Majibu yalitoka 2022.

Sasa twendeni bandani. Ng'ombe ana TB yake, ya mdudu aliye ndugu wa huyu wetu, na mara nyingine mdudu huyo hutoka na maziwa. Mtoto anayekunywa maziwa mabichi anaweza kuvimba matezi ya shingo au kuugua tumboni. Mwaka 2001 Profesa Rudovick Kazwala wa Sokoine na wenzake waliandika kwamba wamemkuta mdudu wa ng'ombe katika matezi ya shingo ya wagonjwa wa Tanzania. Na mdudu huyo kwa maumbile yake haisikii pirazinamidi, mojawapo ya zile dawa nne. Kugandisha maziwa hakumuui. Moto unamuua: yachemke mpaka yapande.

Kumpima ng'ombe kunahitaji siku tatu. Daktari wa mifugo hunyoa manyoya shingoni mahali pawili, hupima unene wa ngozi, kisha huchoma sindano mbili, moja ya protini za mdudu wa TB ya ng'ombe, nyingine za mdudu wa ndege. Baada ya saa 72 hupima tena. Ngozi ikivimba zaidi upande wa ng'ombe, huyo ana TB. Ng'ombe hatibiwi, huchinjwa. Ni rahisi kuamua hivyo ukiwa na ng'ombe 100 na serikali ya kukulipa fidia. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anayemsomeshea wanawe ana kila sababu ya kumficha, nami siwezi kumlaumu. Mpango wa kudhibiti TB ya mifugo usiomfikiria yeye hautafika mbali.

Tazameni bega lenu la kulia. Kile kikovu kimetoka kwa mdudu wa ng'ombe. Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin walimlea kwenye vipande vya viazi vyenye nyongo, wakimhamisha mara 230 kwa miaka 13, mpaka akasahau kuua. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza akapewa. Ndiyo BCG. Inawalinda watoto wachanga na TB kali ya ubongo, lakini nguvu yake kwa watu wazima ni ndogo, na watu wazima ndio wanaoambukiza zaidi.

Kwa hiyo chanjo nyingine inajaribiwa, iitwayo M72. Jaribio la awali katika Kenya, Zambia na Afrika Kusini lilionyesha kwamba ilipunguza wagonjwa kwa karibu nusu, katika watu wazima waliokuwa wameshaambukizwa. Mwaka 2024 likaanza jaribio kubwa la watu kama 20,000, Kenya ikiwemo tena. Waliojitolea wana miaka 15 hadi 44, na watafuatiliwa kwa miaka, kwa sababu mdudu huyu huchelewa kujionyesha. Majibu yakitoka, wakubwa wenu wengine hapa watakuwa wamefika umri huo.